Kuhusu Safari ya Mama Kuja Maskati

Ruwi, Maskati
Mfungo Pili, 1966

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekushika miguu yote miwili na mkono nimeubusu. Goti lakoje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, mimi, Nasor mume wangu na watoto, ila joto la huku, mama, halina adabu kabisa.

Najua anayekusomea ni kaka Juma. Shikamoo kaka. Nnakuomba, ukifika pahala pa kukuuma usiparuke. Msomee mama kama palivyo.

Barua yenu imefika, ile ya mama kutaka kuja kukaa na mimi. Niliibusu, kisha nikaingia kulia mpaka watoto wakaniogopa.

Mama, mie kila siku najiuliza vipi tumefika hapa. Nyumba yetu ilikuwa moja. Baba yake Juma Mnyamwezi, mchukuzi wa bandarini. Baba yangu mimi Mwarabu wa karafuu. Na sote tumetoka tumboni mwako. Nasor aliponioa, yeye na Juma wakila sinia moja, wakigombea kichwa cha samaki. Kisha zikaja siasa. Watu wakirudi mikutanoni na maneno ya utumwa, utadhani minyororo imefunguliwa jana. Juma akiingia anauliza, "Bibi yetu aliuzwa na nani?" Nasor anamjibu, "Na huko bara alikamatwa na nani, si Waafrika wenziwe?" Mmoja anasema hayo yamekwisha zamani. Mwenziwe anasema yamekwisha kwa aliyeuza. Nawe unasema, kuleni wanangu, wali unapoa. Mwisho wakaacha kula pamoja.

Na nje ikawa ndiyo hivyo hivyo. Pemba wana lao, Unguja wana lao, mashamba wenye mikarafuu wanawafukuza waliokuwa wakilima chini yake, mjini huyu hanunui dukani kwa yule. Unakumbuka alivyokufa jirani yetu muuza kahawa? Jeneza lilikaa barazani mpaka jua likapinda. Wa chama chake hawakutosha kulibeba, na wa chama cha pili hawakutaka. Siku ile ndiyo niliyoogopa khasa, kwani watu walioshindwa kuzikana sikuona watashindwa nini tena.

Na wakauana kweli. Juma alisimama mlangoni mwetu na panga mkononi, akawaambia wenziwe, "Humu hamna Mwarabu. Humu mna mama yangu na watoto wake." Nasor yuko uvunguni, anasikia yote. Tuko hai kwa maneno yale, kaka, na mimi siyasahau. Lakini baba yake Nasor kule shamba hakuwa na Juma wa kumsimamia mlangoni. Nasor hajakupa shukrani mpaka leo, na wewe hukumpa mkono wa tanzia. Mimi ni wenu wote wawili, nikalia peke yangu.

Basi huko tulikimbia kwa kuwa sisi Waarabu. Nimefika huku, mama, mimi si Mwarabu.

Tunakaa nyumbani kwa ami yake Nasor, ndugu wa baba yake. Humu mna mwanamke anaitwa Zaafarani, umri wake kama wako. Anateka maji kisimani, anatwanga buni, anafua, wala halipwi wala haulizwi kachoka. Ni mtumwa wao. Siku ya kwanza alinisemesha Kiswahili, nikafurahi, nikamuuliza kwao wapi. Akasema hajui, aliletwa mdogo. Yale waliyokuwa wakigombania Juma na Nasor kama habari za zamani, mimi nayakuta kila asubuhi jikoni yamewasha moto.

Siku ya Idi wanawake wa ukoo walijaa ndani. Mke wa ami akaniuliza mbele yao, "Bibi yako mzaa mama, binti nani?" Nami nikajibu kwa raha zangu, kama ninavyojibu kwetu, "Tausi binti Abdalla." Wakatazamana. Kwetu watu walikuwa wakimwita hivyo kwa heshima, na mimi nikasahau kwamba hilo la binti Abdalla ndilo jina analopewa mtumwa akiachwa huru, ambaye baba yake hajulikani. Wao hawakusahau. Kahawa ilizunguka ikanipita. Tangu siku ile nakula na Zaafarani, na watoto wangu wanashikwashikwa nywele na kila mgeni.

Ndipo nikamwonyesha Nasor barua yenu. Akakaa nayo mfukoni siku mbili. Kisha akaniambia, "Mama aje. Ila tuseme ni yaya aliyetulelea watoto."

Nikamwambia, "Yaya? Si ndiye aliyevua kanga yake akakufunika uvunguni?"

"Zuwena, nifanye nini? Sina kwangu. Nikisema ni mkwe wangu ami atatutoa, na binti yetu Asya hapati mume." Akainama akalia, mtu mzima yule. Simchukii, mama. Lakini sikumbembeleza.

Nisalimie shangazi wa mandazi, mwambie ya huku hayana iliki. Nisalimie mke wa Juma, na mtoto mchanga nampakata kwa mbali. Yule fundi cherehani wa mkabala na sisi, kama bado yuhai, naye mpe salamu zangu.

Salamu zimekwisha na jawabu sijakupa. Tangu juu nalizunguka tu.

Usije, mama. Nimelala nalo na kuamka nalo, sioni njia. Siwezi kukutazama ukiinuka mkekani kuwapisha wajukuu zako, nao wamefundishwa wakwite yaya. Na mimi kurudi huko siruhusiwi. Kaka Juma, goti lake likandwe kwa mafuta ya nazi ya moto, na usimwache akapanda ngazi. Saa yake ikifika, umzike wewe, na Nasor mkasirikie upendavyo. Huko, mama, jeneza lako likipita watu watasema, huyo mama yake Juma na Zuwena. Huku wangesema amekufa mtumishi, na mimi ningelazimika kunyamaza.

Nipe radhi zako, na maziwa yako unihalalishie.

Mimi mwanao uliyenizaa,
Zuwena