Viatu Vyeupe vya Ansila

Alhamisi, 18 Septemba

Karim kamwaga uji tena, kwa makusudi. Nimepiga pasi sare za dada yake, Tala. Nikiwa bado na pasi mkononi, mama yao, madam, akaingia jikoni: mwezi ujao shule zikifunga wanakwenda Roma, na mimi nitakwenda kuwashika watoto. Likizo yangu ya Oktoba isogezwe hadi Desemba. Nikasema sawa kabla hajamaliza.

Ndiyo, nimesema sawa. Miaka mitatu niko huku ughaibuni sijamwona mwanangu Ansila, na Oktoba hiyohiyo anapata kipaimara. Lakini Roma! Mkatoliki gani wa Ifakara akatae Roma? Hata paroko hajafika. Nimempigia Ansila. Akasema, "Basi mama, uniletee rozari." Nilijua amelia. Nikajifanya sijui.

Jumapili, 28 Septemba

Zamu yangu ya kutoka. Nimekwenda Muraqqabat kununua viatu vya kipaimara. Vyeupe, vina kifungo cha lulu ya uongo. Vizuri mno. Nilichukua kipimo kwa uzi, nikaufunga fundo mwishoni. Namba thelathini na tano. Muuza duka akanipa na soksi bure.

Nimevifikisha Rashidiya kwa shoga yangu Mwanaidi, naye ni yaya kama mimi. Kesho anakwenda nyumbani likizo, na dada yangu Fides atavipokea kwake Dar. Mwanaidi kanitania: "We Conso, ukirudi Roma tutakuwa tunakubusu mkono." Nimecheka njia nzima ya metro.

Jumanne, 7 Oktoba

Viza haijatoka. Zao zimetoka zote. Yangu bado, kwa sababu madam alipeleka karatasi zangu wiki mbili nyuma ya zao. Alisahau. Kasema, "Pole Conso, next time, inshallah."

Nikajipa moyo, nikamwomba basi niende kwetu wiki hiyohiyo, siku saba tu. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Pasipoti yangu iko ofisi ya viza. Haitarudi kabla ya tarehe ishirini. Khalas, imekwisha. Siendi Roma, siendi Ifakara. Nitakaa hapa Al Jaddaf, ghorofa ya tisa, namwagilia maua.

Nyumbani sijawaambia bado. Mama keshaitangazia jumuiya nzima.

Jumapili, 12 Oktoba

Wameondoka. Nimefungasha masanduku manne. Nguo za Karim nimezipanga kwa siku, kila siku mfuko wake, maana madam hajui anachovaa mwanawe. Karim kaning'ang'ania shingoni mpaka lifti. Tala kasema ataniletea picha.

Nimewaambia nyumbani. Ansila kauliza tu, "Kwa hiyo hauko kokote?"

Jumatano, 15 Oktoba

Fides yuko Ifakara, kanipigia. Viatu havimwingii. Kisigino chote kinabaki nje.

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Ule uzi niliupima kwenye mguu wa Tala. Alikuwa amelala kwenye kochi, mguu unaning'inia, nikaona hiki hapa kipimo. Yeye na Ansila wana miaka kumi na miwili wote, wamepishana wiki tatu. Wala sikuwaza kuuliza. Mguu wa Tala naujua hadi kidole chenye kovu. Wa mwanangu niliuacha mdogo, na kichwani mwangu haujakua.

Ansila atavaa vya Fides, vyeusi. Najichukia leo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Misa ya kipaimara ilianza saa nne kwao, saa tano hapa. Fides alikuwa ananionyesha kwa simu. Nilivaa gauni langu la kanisani nikakaa kwenye kochi la madam, kwa mara ya kwanza. Ansila amekuwa mrefu. Alikuwa wa nne kwenye mstari, msimamizi nyuma yake, Askofu yuko mbele kabisa.

Madam akapiga. Nikakata. Akapiga tena. Nikapokea.

Karim alikuwa amelala chini barabarani, mbele ya magofu yao ya kale, hataki kutembea, hataki baba, anamtaka Conso. Dakika tano tu, please. Basi nikaiona Roma. Mawe, viatu vya watu, njiwa mmoja, kamasi za Karim. Nikamwimbia wimbo wake wa kuogea. Akanyamaza, akainuka. Nikamsikia baba yake, sir, akisema yalla, yalla, twende, simu ikakatika.

Niliporudi kwa Fides, Ansila alikuwa ameshapakwa mafuta, amekaa kwenye benchi, kichwa chini. Fides kanong'ona kwamba mtoto aligeuka kuangalia simu kabla ya kupiga hatua. Akaona kioo cheusi.

Hakuna aliyenishika mkono nipokee simu ya madam. Nilipokea mwenyewe.

Jumapili, 19 Oktoba

Wamerudi. Nguo chafu masanduku manne. Karim kalala kifuani kwangu nikiwa bado na mopu mkononi. Madam kaniletea rozari ndani ya nailoni, ina kikaratasi. Nimemshukuru. Nimeitia kwenye droo, chini ya soksi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Pasipoti imeletwa. Viza imo ndani, imegongwa vizuri. Nimeosha vyombo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mwanaidi karudi kutoka likizo, kapita hapa chini kwa mlinzi kuniachia mzigo. Kilo mbili za mchele wa nyumbani, na viatu vyeupe, havijakanyaga chini. Ndani ya kimoja kulikuwa na karatasi ya daftari imekunjwa. Ansila kakanyaga juu yake, akauchora mguu wake kwa kalamu ya wino kuuzunguka. Chini kaandika: Mama, huu ndio wangu.

Nimeitandaza sakafuni jikoni, nikavua ndala, nikakanyaga juu yake. Mstari ulionekana kidogo tu pembeni, sawasawa pande zote. Namba thelathini na nane. Kama mimi.

Jumapili ni zamu yangu ya kutoka. Nitakwenda Muraqqabat asubuhi, nitajaribu viatu mguuni mwangu mwenyewe.