Maandishi ya Mama Yalichuruzika Mezani

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa wale wasomaji wanaoanzia kwako kabla ya kugusa habari za mbele, na sikuwahi kudhani iko siku nitakuwa mimi ninayekuandikia, lakini yamenifika shingoni na ndugu zangu wamenigeuka, kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu ukitaka kunigombeza unigombeze.

Mimi ni fundi cherehani, kitinda mimba wa baba aliyekuwa dereva wa malori na mama aliyekuwa karani wa shule. Uani kwetu kuna mzabibu ambao baba aliupanda kabla sijazaliwa, umetambaa juu ya kichanja cha mabomba hadi ukawa paa, na kila mwaka zabibu zikiiva baba alikuwa anatengeneza mvinyo, si wa kuuza, ni wa kunywa kwetu na kugawa kwa majirani na kwa yeyote aliyetufanyia wema mwaka ule, na sisi watoto tulikuwa tunaweka masikio kwenye mitungi ya kioo kusikiliza unavyochacha, tunaambizana kwamba unasema, na kila mmoja anadai ametajwa jina.

Kazi ya baba ilikuwa inaishia kwenye kizibo. Kuanzia hapo ilikuwa ya mama. Shangazi, mama yangu alikuwa na mwandiko ambao mtaa mzima ulikuwa unauazima, kadi za harusi aandike yeye, majina ya watoto kwenye madaftari aandike yeye, hata wakamwita Bibi Kalamu. Alikuwa anakaa kwenye meza ya jikoni, dirisha wazi, wino wa bluu mbele yake, anaandika lebo moja baada ya nyingine, juu anaandika Mvinyo wa Uani, katikati mwaka, na chini kabisa neno la mwaka huo alilolichagua mwenyewe bila kumwambia mtu. Mwaka mmoja aliandika "Paa halivuji tena." Mwaka niliozaliwa aliandika "Na huyu ndiye wa mwisho!" Sisi tulibandika kwa maziwa, ndiyo, maziwa, unapaka kwa brashi nyuma ya karatasi na yanashika kama gundi, jikoni pananuka maziwa na mshumaa, na baba hakuruhusiwa kuingia mpaka tumalize. Halafu anaitwa, anavaa miwani, anauliza, "Haya, karani wangu kaandika nini mwaka huu?" Anasoma kwa sauti kama anatangaza redioni, na mama anageukia jiko ili tusimwone anavyocheka.

Mama alifariki. Zabibu zilizofuata ziliozea mtini, baba hakugusa hata kishada. Msimu uliokuja baada ya hapo, asubuhi tulivu tu, tukamkuta anaosha mitungi. Tukapita kwa kunyata, tukaogopa kumshtua.

Hapo ndipo nikajitia kimbelembele. Nilisema moyoni kazi ya baba ikirudi na ya mama irudi, na kwa kuwa mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye majivu, nikachukua lebo za zamani zilizobaki kwenye chupa tupu, nikaenda steshenari wakaniskania, nikakaa na kompyuta nakata herufi za mama moja moja na kuzipanga upya, T ya mwaka huu, u ya mwaka ule, mpaka zikasoma "Tupo bado." Nikachapisha kwenye printa yangu ndogo ya nyumbani, na zilipotoka, Shangazi, nililia, kwa sababu ilikuwa kama mama ametoka jikoni sasa hivi. Nikabandika bila kumwambia mtu.

Jumapili tukakusanyika kwa chakula cha mchana, siku ya kuzaliwa ya baba. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa mafriji na haamini kinywaji kisichotoa moshi wa baridi, alizitumbukiza chupa kwenye beseni la barafu. Baba akachomoa moja. Akavaa miwani. Nikaona midomo yake inajiandaa kusoma, na wakati huohuo wino ukaanza kushuka, bluu inamchuruzika vidoleni, inaingia kwenye mkono wa shati jeupe nililomshonea mwenyewe, na herufi za mama zikawa matope mbele ya macho yake.

Baba akasema, "Ah!" Basi. Akainuka na chupa ileile, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Dada yangu, ambaye ni nesi na hapigi kelele hata siku moja, akaniambia taratibu, "Umemzika mama mara ya pili, tena mbele ya baba." Kaka akasema mwakani tuagize lebo za kiwandani, zenye picha ya zabibu na maandishi ya dhahabu, mambo yaishe. Tangu siku hiyo baba hazungumzii mvinyo, na sasa zabibu zimeiva tena, ndege wanakula, yeye anakaa kwenye kiti chake anawatazama.

Naomba unisaidie mambo mawili. Nichapishe kwa kitu gani ili wino usichuruzike chupa ikilowa? Na je, nichapishe kweli mwandiko wa mama, au nimekosa na niache?

Mimi binti wa Bibi Kalamu.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa lile shati.

Sasa kaa vizuri. Umeniandikia alichosema dada, umeniandikia alichosema kaka, umenieleza hata tabia za barafu za kaka yako. Alichosema baba ni "Ah." Na nyinyi watu wazima watatu mkaichukua hiyo "Ah" mkaitafsiri kila mtu kwa namna yake, mkaanza kununiana. Nani alibisha hodi kwenye huo mlango? Hakuna. Mtu aliyechukizwa na kitu hukiacha mezani. Baba yako aliondoka nacho. Kwa nini, mimi sijui, na wewe hujui, na dada yako pamoja na unesi wake hajui. Kamuulize. Leo, kabla ya kugusa kompyuta.

Kuhusu kosa: kutamani mwandiko wa mama yako si kosa. Lakini ulimwekea maneno ambayo hakuyaandika, ukampa mumewe bila kumwandaa. Mapenzi yalikuwepo, adabu ya kuuliza haikuwepo. Safari hii uliza kwanza.

Haya, wino. Printa yako ya nyumbani inatumia wino wa majimaji, na mwingi wa aina hiyo ukikutana na maji tena unarudi kuwa maji. Nenda steshenari na faili lako, waambie wachapishe kwa mashine ya leza. Ile haitumii wino, inatumia unga unaoyeyushwa kwa moto mpaka ukagandamana na karatasi, na maji hayauwezi. Karatasi yenyewe iwe stika ya plastiki, kwa sababu ya kawaida italegea kwenye barafu hata maandishi yakibaki. Ila hakikisha ni stika iliyotengenezwa kwa ajili ya leza, la sivyo itayeyukia ndani ya mashine na mwenye duka atakufukuza. Kama huna budi kutumia printa yako, acha lebo zikauke siku nzima, kisha zipulizie vanishi isiyo na rangi, mara mbili tatu, nyembamba nyembamba, mpaka kwenye kingo, maana maji huingilia pembeni. Chupa iwe safi na kavu kabisa kabla ya kubandika. Na usizipeleke mezani bila kujaribu: bandika moja, ilaze kwenye ndoo ya maji ya barafu tangu asubuhi hadi jioni, itoe, isugue kwa dole gumba kwa nguvu. Ikipona hapo, imepona.

Barua hii nilimjibu kwa simu kabla haijafika gazetini, kwa sababu zabibu hazisubiri zamu ya kuchapishwa. Baada ya siku chache binti akanipigia, na amenipa ruhusa niwasimulie.

Alimkuta baba yake uani. Akamuuliza moja kwa moja, "Baba, siku ile ulikasirika?"

"Nikasirike na nini?" mzee akasema. "Nilikimbia kwa sababu kicheko kilinibana, na nyinyi mlikuwa mmekaa kama mko msibani. Mlivyonuniana baadaye, nikadhani hamtaki tena habari za mvinyo."

Akamweleza. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, mvinyo wao wa kwanza, wageni wa kwanza nyumbani. Bibi Kalamu aliandika lebo zake kwa madaha, chupa zikatoka kwenye maji baridi, na wageni wote wakapata mikono ya bluu, pamoja na mama mkwe. Bibi harusi akajifungia chumbani analia. Mzee, wakati huo kijana, akabeba chupa iliyochafuka akamfuata, wakainywa wawili wakiwa wamekaa sakafuni, mpaka kilio kikageuka kicheko na wageni wakaondoka bila kuagwa.

"Tangu hapo alikuwa anasugua mshumaa juu ya kila lebo, nta izuie maji," mzee akasema. "Mlidhani harufu ile ya mshumaa ilikuwa ya nini? Na kunizuia jikoni ni kwa sababu hakutaka nimkumbushe. Kila mwaka nilitamani moja tu aisahau. Hakusahau hata mara moja."

Binti alilia, mzee akamwacha alie, kisha akamkabidhi mkasi na kikapu. Wamevuna. Dada na kaka wameitwa na kusimuliwa, na kaka ameacha habari za dhahabu. Mwandiko wa mama utakaa juu, Mvinyo wa Uani, kama alivyouandika yeye. Neno la mwaka ataandika mzee kwa mkono wake mwenyewe, na hataki kuulizwa ni neno gani.

Ameomba kitu kimoja zaidi: lebo moja ichapishwe kwa printa ile ya nyumbani, kwa ajili ya chupa yake.

Mwanangu, mchapishie. Hiyo moja usiipulizie vanishi wala usiisugue mshumaa. Na siku hiyo mshonee shati la rangi ya bluu.