Shuka Ulilolikalia Siku ya Ndege

Kwako mama mkwe, uliyelala nyuma ya migomba yetu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza mazungumzo na wewe bila shikamoo, hata kwenye karatasi. Ungeniangalia kwa lile jicho. Barua hii sitaifunga. Mwanao Yohana ataisoma, na yeyote hapa Kibingo anayejua kusoma na aisome, maana jambo lenyewe ni la kijiji kizima na mimi peke yangu limenishinda. Kichwa kinanizunguka, mama. Gasana amekuja.

Ndiyo, Gasana yule yule, aliyekuwa akimchungia ng'ombe jirani yetu Ta Kabyemera. Yuko hai. Ameota mvi kidevuni, na hivi ninavyoandika yupo uani anakula matoke yangu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikirukaruka nitapotea mwenyewe.

Unakumbuka kiangazi kile cha ndege. Nilikuwa bibi harusi bado, hata njia ya kisimani naikosea. Karani alikuja kwenye baraza la mkungu, mkuu wa kijiji, akatusomea sheria za moto. Mtu asichome majani ya rweya, kule malishoni, bila ruhusa, hata kama ng'ombe wamekonda. Hapo wenye ng'ombe wakaguna, maana majani makavu yasipochomwa, mabichi yataotaje? Kisha akasema moto ukitushinda itakuja ndege kutoka Bukoba, wanaijaribu kiangazi hicho, imebeba maji tumboni, itayamwaga juu ya moto. Watu walicheka, karani akangoja wanyamaze. Wewe ukasimama ukauliza kama ndiyo ile ile iliyomwaga sumu ya nzige, na kama tumbo lake limeoshwa. Ee, mama! Mkungu alitamani ardhi immeze.

Karani akaendelea kama hajasikia. Ndege haimwagi maji mpaka ione shuka jeupe limetandazwa mahali pa wazi. Shuka hilo maana yake watu wote wametoka kwenye majani, kwa sababu maji yakiporomoka kutoka juu yanaweza kumvunja mtu. Hakuna shuka, hakuna maji.

Njia nzima ya kurudi nyumbani ulikuwa unaniuliza, "Sasa maji hayo yanazima moto au yanavunja watu? Mbona mimi sielewi?" Nilijifanya naelewa kwa kuwa nilisoma misheni. Sikuelewa kitu, mama. Na hadi leo sielewi.

Shuka jeupe kubwa kitongoji kizima lilikuwa moja, lile nililokuja nalo harusini. Mkungu akaagiza likae tayari kwetu. Nilivimba kichwa kwa fahari, ukanitania kwamba sasa mume wangu ni ndege.

Halafu moto ukaja. Nani aliuwasha, sijui. Wenye ng'ombe waliwasingizia warina asali, warina asali wakawasingizia wenye ng'ombe. Upepo ulikuwa unatujia usoni kutoka rweya, moshi ukafunika kilima, na sisi wanawake tukawa tunapiga majani kwa matawi mabichi huku tunakohoa. Wanaume walikata migomba wakaitupa chini ili moto ukute maji maji. Katikati ya purukushani hiyo ng'ombe wa Ta Kabyemera wakateremka wenyewe kutoka kwenye moshi, wanakimbia mikia juu. Nyuma yao hakuna mtu. Nadhani wote tuliona. Lakini wewe ndiye uliyesimama ukaangalia kule walikotoka.

Ndege ikasikika. Mkungu akaanza kuwauliza wenye nyumba, mmoja mmoja, anapiga kelele, "Watu wako wametoka?" Wametoka. "Na wewe?" Wametoka. Akamfikia Ta Kabyemera, naye akajibu, "Wangu wote wametoka."

"Na Gasana?" ukamwuliza.

"Gasana si wa hapa," akasema. "Mtu wa ng'ambo ya mto atajua mwenyewe pa kukimbilia. Tandazeni shuka!"

Mimi nilikuwa nimeshalikunjua nusu. Ulininyang'anya mikononi, ukalikunja upesi upesi, ukaliweka chini, ukalikalia. Mtu mzima na kanga yako, umekaa katikati ya moshi kama unayemenya ndizi! Mkungu akafoka, "Mama Yohana, inuka, tunaungua!" Yohana akapiga magoti anakusihi. Nani angekugusa, mwanamke wa umri wako? Ukasema, "Shuka hili likitandazwa linasema hakuna mtu kule. Mimi siwezi kusema hivyo." Basi.

Ndege ikazunguka juu yetu, ikashuka mpaka tukaona kichwa cha mtu ndani yake, ikapanda, ikazunguka tena. Kisha ikaondoka na maji yake. Moto ukaingia vibanja vyetu vya migomba na kahawa kilimani. Kahawa ya Ta Kabyemera iliteketea yote, na jiko letu pia, na miche yangu ya kahawa niliyopanda kwa mikono yangu. Hakufa mtu. Au tuseme hakuna maiti iliyoonekana. Walitafuta kwenye majivu, hawakukuta mfupa, na Gasana hakuonekana tena. Kwa hiyo alikuwamo au hakuwamo? Kila mtu akachagua jibu lake, na wengi walichagua kwamba ulituunguza kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo.

Nilikukasirikia, mama. Nililia miche yangu kuliko nilivyomlilia Gasana. Lakini hata hasira yangu haikuwa imenyooka, kwa sababu nikiwaza ile ndege ndogo na ule moto mkubwa, najiuliza, hayo maji yangefika wapi? Labda yangetuokoa. Labda yangeulowesha moto kidevu tu. Sijui, na hakuna wa kuniambia, maana ndege haikurudi tena, wala yule karani.

Kilichokuumiza ni akamwani. Ta Kabyemera aliendelea kupita uani kwetu, anasalimia vizuri, anauliza habari za ng'ombe. Ukimletea hiyo akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote anavyoletewa, anasema, "Asante, nimetoka kutafuna." Kila siku ametoka kutafuna. Ulikuwa unakirudisha kikapu ndani bila kumwangalia mtu, na mimi najifanya nachochea moto.

Nilikuuliza mara moja tu, tunamenya ndizi. "Mama, ulikuwa na hakika kwamba Gasana yumo?"

Ukashangaa kweli kweli. "Hakika? Ningekuwa na hakika yoyote, mwanangu, ningelitandaza au ningeingia kumtoa. Sikuwa nayo. Ndiyo maana nilikaa."

Nimelibeba jibu hilo miaka yote. Asubuhi linaonekana la busara, jioni naliona la kichaa. Umekufa sijaamua.

Sasa sikia ya leo. Mtu amebisha hodi, amebeba kibuyu cha samli. "Mama yupo?" Nikamwonyesha kaburi, akavua kofia. Nilipomtambua, nilikaa kizingitini. Nikamwuliza bila hata kumkaribisha, "Siku ya moto ulikuwa wapi?"

"Moto upi?" Mama! Moto upi! Nikamweleza. Akafikiri, akasema asubuhi ya siku hiyo alipata habari kwamba mama yake anakata roho. Aliwaacha ng'ombe kwenye majani, wanaijua njia ya nyumbani, akavuka mto. Hakuaga kwa sababu Ta Kabyemera asingemruhusu, na hakurudi kwa sababu aliogopa kuulizwa ng'ombe. "Moshi niliuona nikiwa ng'ambo," akasema. "Nikajua mnachoma majani." Samli alikuletea wewe, kwa kuwa ulikuwa unamwekea matoke.

Sikumwambia habari ya shuka. Ningemwambiaje? Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga, nilitaka kuja kukuamsha. Hakuwamo! Waliosema hakuwamo walisema kweli. Na mimi, sijui kwa nini, nilikuwa natamani aseme alikuwamo, walau kidogo, walau mguu mmoja.

Kisha nikasikia fimbo ya Ta Kabyemera uani. Nikasema leo ndiyo leo, sasa atakutukana hadi kaburini, na haki anayo. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, ilibidi amsogelee Gasana hadi usoni. Akamshika shavu, akamshika bega. Gasana akaanza, "Mzee, wale ng'ombe, nisamehe," naye hakumsikiliza. Alikaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti, mzee mzima. Alikuwa anasema jambo moja tu: "Nilisema wametoka wote. Mimi ndiye niliyesema wametoka wote."

Kumbe kilichomzuia kutafuna kwetu haikuwa kahawa yake iliyoungua, mama! Miaka yote nilidhani ni kahawa.

Nikaleta akamwani. Alichota kikapuni punje zake, akatafuna, machozi yanaingia mdomoni.

Kwa hiyo nikuambie nini? Kwamba ulikosea? Ulikosea, mtu wako anakula matoke hapa. Kwamba ulipatia? Basi mbona nikimwangalia anavyolamba vidole nashukuru kwamba hukuinuka? Usinijibu, nitazoea.

Jua linatua, mgeni anahitaji pa kulala. Nimefungua sanduku nikalitoa lile shuka. Lina alama ya udongo pale ulipokaa, haijawahi kutoka kwa sabuni yoyote. Nimemtandikia, mama, nimelinyoosha mpaka pembeni. Wametoka wote.

Pumzika hapo migombani. Kesho nitapita kukupalilia.

Mkazamwana wako,
mke wa Yohana