Bomba la Afande Linavuja Kila Wiki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana ikishapita hiyo Jumamosi nitakuwa nimemtenda vibaya mzee wa watu, tena kwa mikono yangu mwenyewe na mtaa mzima ukinipigia makofi. Jina langu usiliandike. Andika fundi bomba, inatosha, tuko wengi.

Nina miaka hamsini na tatu, kazi yangu ni mabomba, masinki, vyoo na chochote kinachovuja, nimeifanya tangu sijaota ndevu. Nyumba ya nne kutoka kwangu anaishi mwanajeshi mstaafu, sote tunamwita Afande, mkewe alifariki zamani na watoto wake wako mbali, aliye karibu kuliko wote ni safari ya siku mbili kwa basi. Miezi saba iliyopita alinipigia simu asubuhi akaniambia, “Fundi, njoo bwana, jikoni kumekuwa bwawa.” Nikaenda, nikakuta nati ya chini ya sinki imelegea, nikaikaza, tukanywa chai, nikaondoka. Wiki iliyofuata akapiga tena, nati ileile. Nikabadilisha mpira, nikazungusha tepu, nikakaza mpaka spana ikalia, nikajisemea hii sasa mpaka kiama. Alhamisi simu ikaita.

Mara ya tano ndipo akili ikanirudi. Nilikuwa nimelala chali chini ya sinki na tochi mdomoni nikaona nati ina michubuko mipya ya meno ya koleo, na mimi koleo kwenye nati sigusi, ni dhambi katika kazi yetu. Nikageuza shingo nikaiona sakafu, kavu kabisa, imepigwa deki, ndoo imewekwa palepale tone linapoangukia, na mezani vikombe viwili vimeshapangwa na viti viwili vimeshavutwa. Sasa mshauri, mtu ambaye jikoni kwake kumekuwa bwawa anapata wapi nafasi ya kupanga vikombe? Baadaye nikatafuta kijiko kwenye droo nikaliona koleo lenyewe, limelala kati ya vijiko, bado lina maji. Nikachukua kijiko, nikafunga droo, nikakoroga chai yangu. 

Tangu siku hiyo nakwenda kila Alhamisi. Hela yake sichukui. Nakaza nati kwa dakika mbili halafu tunakaa saa mbili. Usidhani kwamba mtaa umemsahau, hapana, mtaa wetu unamheshimu mno, na hapo ndipo penye tatizo. Kila mwaka siku ya kuwakumbuka wanajeshi wastaafu wanamweka kiti cha mbele, wanampigia makofi, wanapiga naye picha, wanampa blanketi, halafu kila mtu anarudi kwake. Afande ana mablanketi kumi na moja na kitanda kimoja. Akienda dukani foleni nzima inapiga kelele, “Afande, pita mbele! Mpisheni Afande!” Siku moja aliniambia, “Fundi, natoka nyumbani nikiwa na hamu ya kuongea na watu, wananipitisha mbele kwa heshima zote, sijamaliza hata kuuliza habari za watoto nimeshapewa mkate wangu niko nje.” Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikuweza kucheka.

Basi nikajifanya mjanja. Nikiwa kwa kinyozi, mwenyekiti wa mtaa anasubiri zamu yake, nikasema kwa sauti, “Jamani, bomba la Afande linavuja kila wiki, hebu muwe mnapita kumwangalia.” Nilitaka wapite. Mshauri, walisikia bomba, hawakusikia kupita! Wiki hiyohiyo wakaitisha kikao, watu wakachanga kwa moyo mmoja, na jana mwenyekiti alikuja kwangu uso unang'aa akaniambia wamenunua mabomba mapya ya plastiki, koki mpya, sinki jipya, yasiyovuja miaka hamsini, iwe ahsante ya mtaa kwa mtu aliyeilinda nchi, na fundi ni mimi. Jumamosi ya wiki ijayo. Kutakuwa na hotuba.

Nimebaki njia panda. Nikikataa watasema nataka Afande aendelee kufurikwa ili nipate kazi. Nikiwaambia ukweli, kwamba mzee anafungua nati mwenyewe kwa koleo ili apate mtu wa kunywa naye chai, nitakuwa nimemvua nguo hadharani mtu aliyebeba bunduki kwa ajili yetu. Nikiweka mabomba mapya, Alhamisi simu haitaita. Na yeye ameshajua. Leo nilipokwenda alikuwa amekaa analitazama sinki, akaniambia taratibu, “Wanasema haya mapya hayaharibiki kabisa, fundi?” Nikamwambia, “Hayaharibiki, Afande.” Akasema, “Vizuri. Ni jambo zuri.” Chai yake ikapoa mbele yake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi acha nimalizie. Miezi mitano sasa ile nati siikazi mpaka mwisho. Naikaza nusu. Nikajiambia ninamhurumia mzee, asihangaike na koleo, lakini huo si ukweli wote. Binti yangu ni mwanajeshi, mtoto wangu wa pekee, na miezi mitano iliyopita kikosi chao kilipelekwa nje kulinda amani. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana ana miaka kumi na mbili, mama yake alishatutoka, nilijua atakuja kurithi mkoba wangu, akachagua jeshi, na siku anaondoka nilimwambia, “Ukitoka kwenye mlango huo usinipigie simu.” Hajapiga. Ananitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili. “Baba, mimi mzima. Baba, leo mvua imenyesha. Baba, bomba la kambini lilipasuka nikalitengeneza mimi, wamenipa jina la Fundi.” Nausikiliza mara mbili, mara tatu, halafu naiweka simu kifudifudi. Sijajibu hata ujumbe mmoja, sijui nianzie wapi, na kila wiki inayopita naona aibu zaidi ya wiki iliyopita.

Afande hajui kwamba nina mtoto jeshini. Mimi namuuliza tu kama mtu mwenye udadisi, eti wanalala vipi, wanakula nini, mtu anawaza nini akiwa lindoni. Alhamisi moja akanieleza habari za siku ya barua. Gari la barua likifika majina yanaitwa, na wale ambao majina yao hayakuitwa hawakai kutazama wenzao wakisoma, wanajisogeza pembeni wanapiga viatu rangi. Viatu ambavyo vimeshapigwa rangi asubuhi. Akatabasamu akasema, “Mimi, fundi, viatu vyangu ndivyo viling'aa kuliko vya kikosi kizima.”

Nilishika spana nikarudi chini ya sinki wakati hakukuwa na kitu cha kukaza.

Nifanye nini, mshauri? Niweke mabomba au nisiweke? Naandika gazetini kwa sababu Afande hasomi gazeti, macho yake hayamruhusu, husikiliza redio tu.

Ni mimi, fundi bomba.


MSHAURI ANAJIBU:

Fundi, barua yako nimeisoma nikacheka kwenye vikombe viwili, nikaacha kucheka kwenye mablanketi, na nilipofika kwenye viatu nikaenda dirishani kidogo. Pole. Sasa umeshapata pole yako, kaa vizuri nikuseme.

Watu wazima wawili, mmoja amekwenda vitani, mwingine ana mvi na mkoba wa vyuma, mnakutana kila wiki kwa visingizio vya nati! Yeye anaifungua kwa koleo, wewe unaifunga nusu, na hakuna hata mmoja mwenye ubavu wa kusema, “Nimekuja kukuona.” Na unamhurumia Afande kana kwamba mpweke ni yeye peke yake. Umeniandikia kurasa tatu kuhusu upweke wa jirani, ukauchomeka wako mwishoni kama mtu anayeficha kitu mfukoni. Nimeuona.

Umeuliza uweke au usiweke mabomba. Weka. Watu wamechanga kwa nia njema na ahsante ya punda ni mateke, usiufundishe mtaa wako kwamba ukitoa unatukanwa. Tena uweke kwa ufundi wako wote, kila nati mpaka mwisho, kwa sababu fundi anayeacha kitu kinavuja makusudi anajiharibia jina, hata kama sababu yake inaliza. Siri ya koleo ni ya Afande. Usimwambie mwenyekiti, usimwambie kinyozi, na hata Afande mwenyewe usimwambie kwamba ulijua. Siku akitaka kuicheka ataitaja yeye.

Ila kazi hiyo usiifanye peke yako. Mwambie mwenyekiti unahitaji mikono, kila nyumba ilete mtu mmoja, wa kuchimba, wa kubeba, wa kushika tochi. Mwambie hotuba aziweke kabatini. Na Afande asikalishwe kiti cha mbele kama bibi harusi, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Apewe kazi. Ndiye anayejua bomba gani linapita wapi, awaelekeze, awafokee kidogo, alikuwa anaamrisha watu huyo. Kumwagiza mtu kitu, kumuuliza jambo analolijua kuliko wewe, hiyo nayo ni ahsante, na huyo mzee ameikosa tangu avue magwanda. Na kwenye foleni ya duka mwacheni asimame zamu yake kama watu wengine, aongee mpaka achoke. Mwenyekiti, kama unasoma hapa, koleo hujalisikia, na blanketi la kumi na mbili mpe mtu mwingine. Afande mpelekee miguu yako, ukae, ule kile atakachokupa.

Halafu wewe, fundi. Alhamisi baada ya mabomba kuwekwa simu haitaita, hilo umesema kweli. Kwa hiyo nenda bila kuitwa. Mkoba uache nyumbani. Najua utaona kama unatembea uchi barabarani, nenda hivyohivyo, gonga mlango, akikuuliza umefuata nini mwambie, “Nimefuata chai, Afande.” Maneno matatu, hayahitaji spana. Ukishakaa mwambie una binti kikosini. Mwambie lile neno ulilomtupia mlangoni. Usiogope kuonekana mbaya mbele yake, amewaona watu wabaya kweli, atajua kwamba wewe ni mjinga tu. Umwombe akusaidie kumfungia binti mzigo, kwa sababu yeye ndiye anayejua mtu wa kambini anatamani nini na nini kitamsumbua tu kubeba. Nina hakika katika mtaa wenu ziko nyumba nyingine zenye mtoto, mume au dada aliyepelekwa mbali, na wazazi wao nao wameziweka simu kifudifudi. Waelekezeni kwa Afande. Vikombe ataongeza mwenyewe.

Lakini hayo yote ni ya Jumamosi na ya Alhamisi. Liko la leo, na ndilo lililonifanya niipe barua yako ukurasa mzima.

Fundi, huyo mtoto hajakuasi. Ulimkataza kupiga simu, akatii, hapigi. Akatafuta mwanya ambao hukuuziba, anakutumia sauti yake kila Jumapili ili asikie kama uko upande wa pili. Ametengeneza bomba lililopasuka katika nchi ya watu, kwa kazi uliyomfundisha wewe, wamempa jina lako, na mtu wa kwanza aliyetaka asikie ni wewe. Ulitaka arithi mkoba, baba, ameshaurithi. Unataka nini tena?

Unasema hujui uanzie wapi. Huanzi na msamaha, utajikwaa kwenye neno la kwanza. Mwanzie na kazi. Muulize lile bomba la kambini lilipasukia wapi, kwenye kiungo au katikati, na alilifunga kwa kitu gani. Muulize kama alitumia koleo, umgombeze kidogo. Atajua. Watoto wa mafundi wanajua. Samahani itafuata yenyewe mkishazoea sauti zenu, na isipofuata siku hiyo, itafuata Jumapili.

Usisubiri uwe tayari, usisubiri gazeti linalofuata uone wasomaji wengine wanasemaje. Ukimaliza mstari huu likunje gazeti, igeuze hiyo simu, umpigie wewe.

Miezi mitano, fundi. Viatu vyake vimeshang'aa vya kutosha.