Jiwe Lililoguswa

Jumatano, tarehe 18 mwezi wa pili. Asubuhi theluji nyepesi, hakuna upepo.

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa jina la Bwana. Goti lako linakuruhusu sasa kushuka hadi kanisani bila fimbo? Na Mama, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila vidole vinapasuka kwa baridi.

Wiki hii tunasafisha ukumbi wa barafu ambako wanawake wa nchi mbalimbali wanashindania medali katika mchezo unaoitwa curling. Mmoja anasukuma jiwe zito lenye mpini juu, kama pasi ya makaa, nalo linateleza hadi kwenye duara lililochorwa mbali. Wenzake wawili wanafagia barafu mbele yake ili lifike. Jiwe lililo karibu zaidi na kati ndilo linaloshinda. Mama Furaha wa Goma, ninayesafisha naye, alicheka hadi akakaa chini: "Dada, bale banafagia, batu banapiga makofi. Siye tunafagia tangu asubuhi, nani ametupigia?"

Leo mchana mfagiaji mmoja, msichana mwembamba, aligusa kwa mguu jiwe lililokuwa limetulia. Lilisogea upana wa vidole viwili. Wapinzani walikuwa wanatazama jiwe jingine. Akainua mkono, akasema mwenyewe. Kiongozi wa wapinzani akaja, akalirudisha pale alipoona yeye kwamba lilikuwa, mbali kidogo zaidi na kati, na hakuna aliyebisha. Msimamizi wetu alitueleza kuwa ndiyo desturi yao: aliyegusa anasema, na anayeonyesha mahali ni yule mwingine. Timu ya msichana ikashindwa kwa jiwe hilo hilo.

Mama Furaha akaninong'oneza: "Angenyamaza tu. Nani alimuona?"

Nikaokota ufagio wangu.

Baba, mdogo wangu Kambale aliniambia kwa simu kwamba Jumamosi wazee wa kanisa watakuja shambani, na wewe utasimama mbele yao useme hakuna mtu wa nyumba yako aliyegusa mti wa mpaka kati yetu na Mama Katungu. Usiseme hivyo. Mimi niliugusa.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa sekondari. Nilikuwa napalilia maharage peke yangu, jembe likakata mizizi, na mti, uliokuwa bado mwembamba, ukaanguka. Niliogopa. Upande wetu ulikuwa mawe matupu, upande wake udongo laini, nikaupanda upya hatua tatu ndani ya shamba lake. Mama Katungu alikuwa msibani Beni. Aliporudi alisimama njiani, akasema kwa sauti: "Batoto ya shemasi munajua kusali, lakini munajua na kutembeza mupaka." Wewe ukanitetea, nami nikakubali nitetewe. Tangu siku ile hamsalimiani.

Nimefungua daftari la mwaka ule, nililokuja nalo huku. Nimekuta: "Mvua asubuhi. Nimemaliza mistari sita ya maharage." Mti sikuuandika. La mwaka huu linasema kwamba Jumapili nilipata usingizi saa nane usiku, Jumatatu saa tisa, jana saa tisa.

Najua utaona haya mbele ya wazee. Najua pia huenda Mama Katungu akaonyesha mbali kuliko pale mti ulipokuwa. Mwache aonyeshe. Kata tawi la mti ule, ulipande pale atakapoweka kidole. Na utaje jina langu mbele ya wote. Usiseme tu "mtoto".

Msalimie Mama, na dada mkubwa pale anapouza samaki wa Kyavinyonge, na mjomba mwalimu wa Oicha. Kambale ndiye atakayekusomea kurasa hizi kwenye simu yake. Asiruke mstari.

Binti yako,
Kahindo

Alhamisi asubuhi, anga safi. Nimesoma tena yote, sikufuta kitu. Sasa ninatuma. Jana nilipata usingizi saa nne kasoro robo usiku.