Dume Jekundu la Minza

Mama Masanja, mke wangu,

Mwangaluka. Hapo Lalago mvua imeshika, au bado inawazungukazunguka tu? Pamba imeota? Na goti lako? Mimi huku Katavi ni mzima, ng'ombe wamenona, hakuna mchungaji wa kunifikia, na wenyewe wanajua.

Nakuandikia kwa ajili ya mjukuu wetu Minza. Masanja kaniambia amerudi kutoka mashindano ya ng'ambo, amejifungia ndani, anasema hakimbii tena, viatu atagawa. Nikimpigia simu anakata. Karatasi ataisoma mpaka mwisho.

Siku ile ya mashindano nilijaza watu kwenye banda la video hapa senta. Nikawaambia, mjukuu wangu anakimbia mita elfu kumi, mizunguko ishirini na tano, njooni muone miguu niliyoilea mimi. Mara namwona Minza mbele, wasichana wanne nyuma yake. Nikasimama. "Mmemwona? Damu yangu hiyo! Dume langu jekundu nachinja leo!"

Mwenye banda akacheka. "Mzee, hao wa nyuma ndio wanaoongoza. Wamemzidi mzunguko mzima."

"Aliye nyuma anaongozaje? Wewe umechunga wapi?"

Basi wakampita. Wakamaliza, wakajifunga bendera, na Minza bado anakimbia. Watu wakaanza, "Babu, dume limepona!" Nikabaki nimesimama, macho kwenye kioo.

Akabaki peke yake uwanja mzima. Hakutembea. Hakushika kiuno. Mama Masanja, nimerudisha mifugo jioni maisha yangu yote. Ng'ombe kwenye kundi anavutwa na wenzake. Yule anayekuja peke yake mpaka zizini, anakuja kwa moyo wake. Hilo wale wanne hawakuonyesha.

Nikachinja. Waliocheka walikula, na mwenye banda akaomba aongezwe maini. Najua dume lile ulilipenda. Nuna tu, nikija utanisema.

Mpwa wangu Doto analeta barua hii pamoja na ngozi ya dume, nimeiwamba mwenyewe ikakauka vizuri. Vyote viwili mpe Minza mkononi. Nisalimie mdogo wangu wa Nyalikungu, mwambie kwa ng'ombe bado namshinda. Na mke wa Masanja, na jirani yetu fundi baiskeli.

Minza akishikilia kwamba hakimbii tena, sawa, sibishani naye. Mwambie anirudishie dume langu likiwa hai.

Ni mimi mumeo, kwa mkono wangu mwenyewe, sikuandikiwa na mtu,
Baba Masanja