Uonyeshe Ziwa

Jumanne

Ni miye mwenyewe nilijitolea kumusaidia Espérance, mudogo wangu wa shule ya urubani, basi nisilalamike. Kesho anapimwa angani ili apate leseni ya urubani. Akaniuliza miye nilipimwa namna gani.

Nikamuambia: juu ya Kanyaruchinya, si mbali na ziwa, muzee wa kutupima alipunguza nguvu ya moteri, akasema, "Imezima. Utatua wapi?" Nikaonyesha mahali peupe, tambarare. "Yale ni mahema ya wakimbizi!" Nikaanguka mutihani. Mara ya pili nilionyesha ziwa, nikafaulu.

Espérance hakucheka. "Yaya, mama yangu analala mule mahemani. Muzee akiniuliza pale pale, nitajibu nini?"

"Usimutaje mama. Sema tu kuna watu, halafu uonyeshe ziwa."

Shauri nzuri. Ni ya mutu aliyetaka kutua juu ya mahema yao.